Akaunti ya Ambrosi Nyenza

1

Jumatatu asubuhi, baridi ya Mafinga ikiwa bado imeng'ang'ania vioo vya ofisi, Vumilia Nyenza aliingiza namba za marehemu kumi na saba kwenye skripti yake, akabonyeza, akaenda kuchemsha chai. Alikuwa akifanya hivyo kila Jumatatu ya pili, na huu ulikuwa mwaka wa tano. Chai ilikuwa sehemu ya kazi, maana hakupenda kukaa akitazama majibu yakishuka moja baada ya jingine.

Skripti yenyewe haikuwa na maajabu. Ofisi za kata zilileta orodha ya waliozikwa. Skripti ikachukua namba ya kila mmoja, ikaingia nayo kwenye kanzidata ya Kampuni ya Pumzi Kusini, ikauliza swali moja: akaunti hii ipo, au haipo? Kwa mtu aliyezikwa jibu lilipaswa kuwa haipo, kwa sababu kipafu, mashine ya kumpumulisha mgonjwa, kikikaa saa sita bila kusikia pumzi hujifunga chenyewe na akaunti ikafutika. Vumilia alikuwa anahakikisha tu, kama mtu anayerudi kuusukuma mlango alioufunga mwenyewe.

Alirudi na kikombe chake. Haipo, haipo, haipo, mstari kwa mstari, mpaka wa kumi na nne. Hapo palikuwa na neno fupi: ipo. Pembeni yake, kwa herufi ndogo: inapumua.

Namba ile aliijua kwa kichwa. Ilikuwa ya Ambrosi Nyenza, mdogo wake baba, ambaye siku kumi na mbili zilizopita Vumilia alimtupia udongo kaburini kwa mkono wake.

Aliiendesha skripti mara ya pili, halafu ya tatu. Aliwaza labda yupo Ambrosi Nyenza mwingine mahali fulani, lakini majina ndiyo hugongana, namba ni ya mtu mmoja. Akafungua mchoro wa pumzi. Mstari ulikuwa unapanda na kushuka palepale mbele ya macho yake: pumzi mbili ndefu, moja fupi, kituo kidogo, kisha mbili ndefu tena. Hivyo ndivyo alivyopumua baba mdogo tangu Vumilia akiwa binti wa shule. Kwa mujibu wa ukurasa uleule, kipafu kilikuwa nyumbani kwake Kinyanambo na tangu siku ya mazishi hakijatoka nje ya uwanja.

Vumilia alishikwa na woga, woga ule ambao mtu aliyesoma huona aibu kuukiri. Chai ilipoa bila kunywewa.

2

Zamani paini ilihitaji miaka kumi na minane mpaka iitwe mbao. Kisha wataalamu wakaufundisha mti kukua kwa miaka minne, na mti ukakubali. Walichokuja kukijua baadaye ni kwamba vumbi la mti ule halitoki kifuani. Linajishikiza, linakomaa, na pafu linakakamaa. Ukilisukumia hewa kwa wakati usio wake linachanika. Kwa hiyo kipafu, lile bamba linalofungwa kifuani kwa mikanda na kupeleka hewa puani kwa mrija, hakiwezi kujiendesha. Kila pumzi inapigiwa hesabu kituoni, ya kila mtu kwa mwendo wake, na mitambo ya kituo cha Mafinga iliweza kuwahesabia watu elfu mbili na mia nne.

Hakuna nafasi ya mmoja zaidi. Meneja aliyekuwepo kabla ya Vumilia alikuwa mtu wa huruma, akaongeza wagonjwa tisa. Mitambo ikaanza kuchelewa, kuchelewa kwenyewe hata huwezi kukuona kwa saa ya mkononi, na asubuhi moja watu kumi na mmoja wakakutwa wamekufa vitandani, vipafu vikiwa vifuani mwao. Tangu siku hiyo foleni ikawa foleni. Mtu hawekwi mpaka mwingine atoke.

Skripti nayo ilikuwa na historia yake. Mwanzoni iliuliza maswali mengi: sauti ni ya mwenyewe, sura ni ya mwenyewe, mtu ametembea hatua ngapi. Mwaka wa kwanza wa Vumilia, mama mmoja wa Sao Hill alipatwa na mafua makali, sauti ikamkauka, skripti ikaamua si yeye. Walipofika kwake alikuwa ameshakata roho, na mkono wake umeshika kipafu kana kwamba anakibembeleza kiwake. Vumilia alirudi ofisini siku ile akayafuta maswali yote, akaacha moja. Anayepumua, yupo. Alijivunia uamuzi ule kuliko cheti chake chochote.

Sasa swali lake moja lilikuwa limempa jibu moja, na jibu hilo lilikuwa mtu aliyezikwa.

Makao makuu yasingemuuliza kitu. Kule walitazama hesabu ya jumla tu, na jumla ilikuwa sahihi: akaunti elfu mbili na mia nne, zote zinapumua. Angeweza kunywa chai yake ya baridi na kuufunga ukurasa, na hakuna binadamu angejua. Lakini juu kabisa ya foleni palikuwa na jina la Skola Luvanda, na wiki iliyopita Vumilia alimwambia kwa kinywa chake kwamba anayefuata ni yeye.

Alivaa sweta akaenda Kinyanambo.

3

Alimsikia kabla hajamwona. Kikohozi kilitoka nyuma ya nyumba, kikavu, kikifuatiwa na ule mguno wa kusafisha koo, halafu neno "haya" lililovutwa kwa uchovu. Baba mdogo aliwahi kusema "haya" ya namna hiyo mara elfu. Vumilia alishika ukuta.

Alipokunja kona aliliona koti la kijivu lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, na mgongo uliopinda kidogo upande wa kushoto, na mkono unaopasua kuni bila haraka. Kisha mtu yule aligeuka, akawa Menas Komba.

Menas alikuwa Mngoni wa Songea aliyekuja Mafinga kijana na hajarudi. Yeye na Ambrosi walifanya kazi kwenye msumeno mmoja miaka ishirini na miwili, mmoja akisukuma gogo, mwingine akilipokea. Kwenye msumeno mkubwa mtu hapumui anavyotaka. Unavuta hewa gogo linaporudi nyuma na vumbi limetua kidogo, la sivyo unakula unga wa mbao. Kwa hiyo walipumua pamoja, mbili ndefu na moja fupi, miaka yote ile, na waliugua pamoja vilevile. Ambrosi alipata nafasi ya kipafu miaka minne iliyopita. Menas alibaki kwenye foleni.

Na siku ya mazishi ni yeye aliyefanya kazi ya utani. Wangoni na Wahehe walichinjana enzi za mababu, na wajukuu wakaamua kuumalizia ugomvi kwa mzaha. Mhehe kama Ambrosi akifa, Mngoni huja kumvaa, yaani kuvaa nguo zake na kumwigiza. Menas alilichukua koti la marehemu msumarini, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, akajilaza njiani jeneza linapopita na kuuliza wanampeleka nani wakati yeye yuko hapa na ana njaa. Watu walicheka mpaka wakasahau kwamba wanalia. Vumilia naye alicheka. Tena aliuona mrija wa kipafu ukining'inia puani mwa Menas, akadhani ni sehemu ya mchezo, akacheka zaidi. Yeye, mwenye funguo za kanzidata, alisimama hatua tatu kutoka kwa kosa lake akalipigia makofi.

Ambrosi alikuwa amekata roho alfajiri ya siku ileile. Menas alilivaa koti, na kipafu cha marehemu chini yake, kabla ya saa nne asubuhi. Saa sita za ukimya hazikuwa zimetimia.

"Kamwene, mwanangu," Menas alisema sasa, na sauti ilikuwa ya Ambrosi, kila kipande chake. "Umekuja kunisalimia, au umekuja kuangalia kama mlinizika vizuri?"

Vumilia alimwambia avue koti. Menas aliweka shoka chini taratibu. Akasema, bado kwa sauti ileile, kwamba yeye ni Mngoni lakini si mhuni, na desturi anaijua: mtani havui mwenyewe, anavuliwa na wenye msiba, wakishampa kuku wake. Kuku alipewa. Kuvuliwa hakuvuliwa. Basi mpaka hapo yeye bado ni Ambrosi, na kama kuna mwenye malalamiko ayapeleke kwa mjane.

Mjane, mama mdogo Eusebia, alikuwa ameshatoka, ungo wa maharage mkononi. Hakuonekana kushangaa kumwona Vumilia. Aliketi kwenye kigogo, akaendelea kuchambua, akaeleza kana kwamba anatoa taarifa kwenye kikao. Baada ya mazishi, alisema, alimfuata Menas huku nyuma ya nyumba na kuku mkononi, alikomboe koti. Akamkuta anamsimulia jirani habari za gogo lililowahi kuwaponyoka. Alisimama nyuma yake akingoja amalize.

"Na akamaliza," Eusebia alisema. "Miaka minne, Vumi, sijamsikia Menas akimaliza sentensi bila kupumzika katikati. Siku ile aliimaliza, akaanza nyingine. Ningemvuaje?"

Alikuwa amempa chumba cha nje, kwa sababu kipafu kikienda mbali na nyumba iliyoandikishwa huomba kibali. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona, na Eusebia alisema wanong'one tu, midomo ni yao.

Vumilia aliwaeleza habari za foleni. Aliwaambia kwamba mbele ya Menas kuna watu sitini, na wa kwanza ni mwanamke anaitwa Skola. Eusebia alisema hamjui. Vumilia akajibu kwamba yeye anamjua. Maharage yaligongana kwenye ungo.

"Nimeshazika mmoja," Eusebia alisema mwishowe. "Mimi simvui. Kama ni wa kuzikwa, huyu utamzika wewe."

4

Skola Luvanda alikuwa kitanda cha pili kutoka mlangoni, wodi ya vifua, kwenye mtungi wa oksijeni. Mtungi si kipafu. Unampa mtu hewa ya kubakia, sio hewa ya kuishi, na kifua kinachoka siku hadi siku mpaka kinakataa. Daktari alimwambia Vumilia koridoni kwamba anampa wiki mbili, akifika tatu atashangaa.

Alikuwa na miaka thelathini na moja. Alifanya kazi ya gundi kwenye kiwanda cha plaiwudi, na kucha zake bado zilikuwa na alama za njano. Watoto wake wawili walikuwa kwa dada yake Makambako. Alipomwona Vumilia alijaribu kujiinua, akashindwa, akatabasamu kuomba radhi.

Vumilia alimwambia bado. Ilikuwa mara ya kwanza kwenye kazi ile kusema uongo kwa mgonjwa, na alishangaa ulivyotoka kirahisi.

Skola aliutazama uso wake muda mrefu. Kisha akauliza, kwa vipande vipande, kama aliyeko mbele yake anaendelea vibaya. Alidhani kuna mtu anakufa mahali fulani na kwamba wote wanamngoja.

"Sitaki mtu... afe haraka kwa ajili yangu," alisema. "Nataka tu... kujua. Nimwambie dada... awalete watoto... au asubiri?"

Vumilia alisema asubiri kidogo. Alitoka nje akasimama kwenye kibaraza, akajichukia kwa dhati, si kwa mzaha. 

5

Jumanne asubuhi alifika ofisini kabla ya wenzake. Kufuta akaunti kulihitaji mstari mmoja wa amri. Aliuandika wote, namba ya Ambrosi na kila kitu, kidole kikabaki hewani juu ya kitufe.

Aliona jinsi itakavyokuwa. Menas atakuwa anakunywa uji wake chumba cha nje, na kipafu kitanyamaza kifuani katikati ya pumzi, kama kilivyomnyamazia yule mama wa Sao Hill. Hatajua nani kakizima. Aliufuta mstari herufi moja moja.

Halafu akajaribu njia ya pili, ya kuacha. Alijiambia kwamba Menas hakuiba. Alivaa mbele ya kijiji kizima, watu wakicheka, mwenye kanzidata akiwa wa kwanza. Alijiambia kwamba huyu naye ni mgonjwa, naye anakufa, na kipafu hakijakaa bure hata saa moja. Yote hayo yalikuwa kweli. Akaanza kuwapima: huyu ana miaka sitini, yule thelathini, huyu watoto wake wazima wako Songea, yule ana wadogo. Mizani ikaelekea kwa Skola, akafurahi, na furaha ile ikamtisha. Kama angempima Menas leo, kesho angempima mwingine, na foleni yote ingegeuka kuwa maoni ya Vumilia Nyenza kuhusu nani anafaa kuishi. Skola hakuwa mbele kwa sababu ana watoto. Alikuwa mbele kwa sababu alitangulia, na hakuna kingine masikini alichokuwa nacho.

Kwa hiyo kipafu kitavuliwa. Lakini hakitazimwa kutoka ofisini. Yeye ni mtoto wa kaka wa marehemu, ni mwenye msiba kamili kama mjane, na kumvua mtani ni haki yake na ni wajibu wake. Aliomba mtungi mmoja hospitali, akajaza fomu ya kitanda cha Menas Komba wodi ya vifua, akaagiza gari lije Kinyanambo saa tisa na nusu alasiri. Kisha akaubeba mtungi begani mwenyewe. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani.

6

Menas alimngoja. Alikuwa amekaa kwenye kigogo nyuma ya nyumba, koti limefungwa vifungo vyote, amenyoa ndevu. Eusebia aliuona mtungi, akaingia ndani bila salamu, akafunga mlango.

"Atakayekivaa ni yule Skola?" Menas aliuliza. Vumilia akaitika. "Ana watoto?"

"Wawili."

Menas alitingisha kichwa muda mrefu. Akasema angependa kwanza kuongea kidogo, kama Vumilia hana haraka sana. Akaongea. Alisimulia, kwa sauti ya Ambrosi, siku ya kwanza walipokutana kiwandani, na jinsi Ambrosi alivyomficha kofia wiki nzima kwa sababu tu ni Mngoni, na jinsi naye alivyomwekea panya wa porini kwenye chombo cha chakula, amechomwa vizuri na chumvi, na Ambrosi akamla akasifu. Alisimulia bila kusimama. Sentensi zilikuwa ndefu, nyingine hazikuwa na sababu ya kuwa ndefu, alikuwa anazivuta tu kwa utamu. Vumilia alisikiliza na machozi yalimtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

Alipomaliza alinyoosha mikono pembeni, kama mtoto anayevuliwa sweta.

Vumilia alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalikunja. Chini yake mikanda ya kipafu ilikuwa imeacha mistari kwenye ngozi. Alimwekea kwanza mrija wa mtungi, akafungua hewa, ndipo akafungua mikanda. Kipafu kilipoachia kifua, Menas alishtuka na kuinama mbele, mdomo wazi, na kwa muda Vumilia aliamini amemuua. Alimshika mabega. Baada ya kitambo kirefu yule akainua kichwa. Uso ulikuwa wa kijivu. Mgongo uliopinda kushoto ulikuwa umenyooka, na aliyekuwa akimtazama hakuwa na kitu chochote cha baba mdogo.

"Baridi," Menas alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya kwao. "Nipe... shuka."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Vumilia aliweka kipafu juu ya kigogo katikati yao, na kompyuta ndogo ya kazi mapajani. Saa sita. Hakutaka kuziharakisha kwa amri yoyote, na Menas hakumwomba aondoke.

Walikaa. Jua lilipanda, likawapasha miguu. Menas alijaribu utani mara mbili tatu. Aliuliza mbwa wa nyumba hii yuko wapi, mbona hamwoni, au Wahehe walishamla msibani. Sentensi hiyo ilimchukua pumzi nne. Vumilia akajibu kwamba mbwa alikimbia aliposikia Mngoni amehamia, aliogopa kugombania panya. Menas alicheka, kicheko kikamgharimu, akafunga macho apumzike. Mchana Vumilia alimnywesha uji kwa kijiko. Menas aliuliza kama kule wodini vitanda viko karibu na dirisha, akaambiwa kimoja kipo. Aliuliza kama sitini ni wengi. Vumilia hakumdanganya, maana uongo wa jana ulikuwa bado unamkaa kooni. Alisema ni wengi.

"Wahehe... mmejaza foleni," Menas akanong'ona. "Mnapenda... kupanga mstari."

Ndani ya nyumba hakukuwa na sauti. Hata sufuria haikugongwa.

Saa tisa kamili Vumilia alifungua kompyuta, akaandika namba, akaiendesha skripti. Jibu alilijua. Lilikuja haraka, kama linavyokuja kila siku.

"Imesema nini?" Menas aliuliza.

"Haipo."

Menas aliutazama mstari ule kwenye kioo ingawa macho yake hayakuweza kusoma maandishi madogo kiasi hicho. Alikaa akiutazama. Midomo yake ilisogea kabla sauti haijatoka.

"Basi amekufa," alisema.

Siku ya mazishi kila mtu alilia. Mjane alilia, Vumilia alilia, wafanyakazi wa kiwanda walilia kwenye mikono ya makoti yao. Menas peke yake hakulia, kwa sababu mtani haruhusiwi. Mtani akilia, nani atawachekesha wengine? Alimtembeza rafiki yake siku nzima uwanjani, akamkohoza, akamtania, akamlaza njiani mbele ya jeneza lake mwenyewe, na baada ya hapo akaendelea kumbeba siku kumi na mbili kwa sababu hakuna aliyemtua. Sasa alikuwa ametuliwa.

Akalia. Alilia vibaya, kwa kifua kisichokuwa na hewa ya kazi hiyo, mabega yakiruka na sauti haitoki, kisha inatoka kipande. Vumilia alijua daktari angemkataza. Aliongeza hewa ya mtungi kwa nusu mzunguko, akamwacha. Alimwomba radhi, kwa sauti, na akajua kwamba hajui hasa anaomba radhi kwa lipi kati ya yote.

Mlango ulifunguliwa. Eusebia alitoka bila viatu, akaketi chini kando ya kigogo, akaegemeza kichwa kwenye goti la Menas, naye akaanza kulia upya.

Vumilia aliikunja mikanda, akakipakata kipafu, akashika njia ya kwenda hospitali, maana Skola alikuwa anangoja na dada yake alipaswa kuambiwa awalete watoto. Gari la wodi lilimpita likielekea Kinyanambo. Mpaka kwenye kona ya barabara bado alimsikia Menas akimwita rafiki yake, jina moja, pumzi, jina moja, pumzi.